Mavazi meusi katika nchi za joto

Mavazi meusi katika nchi za joto ni nguo za rangi nyeusi, au rangi nyingine iliyokolea, zinazovaliwa katika maeneo yenye jua kali. Watu wengi huamini kwamba nguo hizo humwongezea mvaaji joto kuliko nguo nyeupe. Jambo hilo ni kweli kwa kitambaa chenyewe, lakini si kila mara kwa mwili uliomo ndani yake. Joto linalofika kwenye ngozi hutegemea pia upana wa vazi, aina ya kitambaa, upepo na unyevu wa hewa.

Rangi na joto la jua

Kitambaa cheusi hufyonza sehemu kubwa ya nuru na kuigeuza kuwa joto. Cheupe huakisi sehemu kubwa. Katika karne ya 18 Mmarekani Benjamin Franklin alieleza jaribio la kuweka vipande vya kitambaa vya rangi mbalimbali juu ya theluji siku ya jua. Baada ya saa chache kipande cheusi kilikuwa kimezama kuliko vyote kwa kuyeyusha theluji, na cheupe hakikuzama. Alihitimisha kwamba nguo nyeusi hazifai katika nchi za jua kali.

Hata hivyo, vipande vile vililala juu ya theluji moja kwa moja, ilhali vazi pana haligusi sehemu kubwa ya ngozi. Aidha, kitambaa cheupe chepesi hupitisha sehemu ya nuru hadi mwilini, lakini cheusi huizuia kwa nje.

Utafiti katika jangwa la Negev

Mabedui wa majangwa ya Negev na Sinai wamezoea kuvaa majoho mapana, mengi yakiwa meusi. Mwaka 1980 Amiram Shkolnik, C. Richard Taylor, Virginia Finch na Arieh Borut walichapisha utafiti wao juu ya desturi hiyo katika jarida la Nature. Mtu alisimama juani wakati wa mchana, halijoto ya hewa ikiwa kati ya sentigredi 35 na 46. Alivaa kwa zamu joho jeusi, joho jeupe, sare ya kijeshi, na kaptula peke yake.

Joho jeusi lenyewe lilipata moto kuliko jeupe. Lakini joto lililoufikia mwili lilikuwa sawa kwa majoho yote mawili, kwa kuwa joto la ziada lilipotea kabla ya kufika kwenye ngozi.

Maelezo yake ni haya: hewa iliyo kati ya joho na mwili ikipata moto hupanda na kutokea shingoni, na hewa nyingine huingia kutoka chini, kama ilivyo katika dohani. Tena mvaaji anapotembea, au upepo unapovuma, joho hupepea na kusukuma hewa kama mivukuto ya mhunzi. Fulana nyeusi inayobana haina nafasi hiyo, na joto lake hupita moja kwa moja hadi kwenye ngozi.

Unyevu wa hewa na aina ya kitambaa

Mwili hupoa hasa kwa jasho. Lita moja ya jasho ikikauka kwenye ngozi huondoa takriban kilojuli 2,400 za joto. Jasho linalodondoka bila kukauka halisaidii kitu. Hewa ya Negev ni kavu, lakini katika miji ya pwani kama Mombasa na Dar es Salaam ina unyevu mwingi, na jasho hukauka polepole. Kwa hiyo matokeo ya utafiti ule hayawezi kuchukuliwa yalivyo na kutumiwa kwa buibui. Buibui pana la kitambaa chepesi hupitisha hewa. Likibana, au likivaliwa juu ya nguo nyingi nzito, faida hiyo hupungua. Vivyo hivyo kanzu nyeupe hufaa kwa joto si kwa rangi tu, bali pia kwa upana wake.

Pamba hunyonya jasho vizuri kuliko poliesta ya kawaida, ambayo nyuzi zake karibu hazinyonyi maji.

Kinga dhidi ya urujuanimno

Kitambaa kilichokolea rangi kwa kawaida huzuia mionzi ya urujuanimno kuliko cheupe cha aina na unene uleule. Jambo hili ni muhimu kwa watu wenye ualbino, ambao ngozi yao ina melanini kidogo na ambao wako katika hatari kubwa ya saratani ya ngozi. Fulana nyembamba nyeupe ya pamba huwakinga kidogo, na ikilowa huwakinga kidogo zaidi. Vazi linalowafaa ni lenye mikono mirefu, pana, la kitambaa kilichofumwa kwa kubana, pamoja na kofia ya ukingo mpana. Kitambaa kikiinuliwa mbele ya taa na nuru ikapenya kwa urahisi, kinga yake ni ndogo.