Ukiliwa kamari, je, unapunguziwa kodi?

Mpwa wangu anaendesha tuktuk hapa mjini. Hesabu ya tajiri wake imeshaliwa mara mbili na kamari ya simu. Nilipomsemesha akanijibu, "Mjomba, Marekani kamari ni kazi. Ukiliwa, unapunguziwa kodi."

Hakusema uongo. Mwaka 1978, Robert Groetzinger alikuwa akicheza kamari ya mbio za mbwa kwa saa 60 hadi 80 kwa wiki, bila ya kazi nyingine. Aliweka dola 72,032, akapata 70,000. Mwaka 1987 Mahakama ya Juu ya Marekani ikaamua kuwa mtu anayecheza mfululizo, kwa bidii na kwa kutafuta riziki, si kwa burudani, anafanya biashara. Mtu huyo huruhusiwa kutoa hasara na gharama zake, kama nauli na malazi, kabla ya kutozwa kodi, bora awe na kumbukumbu zilizoandikwa.

Lakini mpwa wangu hakufika mwisho wa habari. Kwanza, hasara inayotolewa haivuki kiasi alichoshinda. Kilichozidi ni chake mwenyewe. Pili, tangu mwaka 2018 nauli na gharama nyingine zimetiwa ndani ya kipimo hicho hicho. Tatu, sheria iliyotiwa saini Julai 2025 imesema kuanzia mwaka wa kodi wa 2026 kitakachotolewa ni asilimia 90 tu ya hasara. Aliyeshinda dola 100,000 na kupoteza 100,000 hana faida hata senti, lakini atahesabiwa kipato cha dola 10,000.

Na hapa kwetu? Tangu Julai 2025, asilimia 5 hukatwa unapoweka pesa kwenye akaunti ya kamari, na asilimia 5 nyingine unapozitoa. Weka shilingi 1,000, zinabaki 950. Zitoe bila kucheza, utapata 902 na senti 50. Ukiliwa zote, hakuna anayekuuliza, wala hakuna unachorudishiwa.

Sisi Waislamu jambo hili lilishakatwa katika Suratul Maida. Kwa asiyetaka kusikia hoja ya dini, nimemwekea hesabu. Mpwa wangu niliipiga naye kwenye karatasi. Alinyamaza, kisha akaniuliza atamwambia nini tajiri wake kesho. Nikamwambia, ukweli.