Programu za Simu za Konsoli za Gemu

Programu ya simu ya konsoli huwekwa kwenye simu janja ili mchezaji afanye, bila kugusa mashine yenyewe, mambo yote yanayouzunguka mchezo wa mtandaoni: kuongea na wenzake wakati mechi inaendelea, kuwatumia ujumbe, kuongeza marafiki, kununua gemu, kuiamuru mashine ianze kupakua. Zinazojulikana zaidi ni tatu. PlayStation App ya Sony ilitoka mwaka 2013 pamoja na PlayStation 4. Programu ya Xbox ya Microsoft ilianza mwaka 2012 ikiitwa SmartGlass. Ya Nintendo ilitoka Julai 2017 kwa jina la Nintendo Switch Online, na tangu 2025 inaitwa Nintendo Switch App. Walioziunda walimfikiria mtu mwenye mashine yake sebuleni, akaunti yake, kadi yake ya benki na intaneti isiyokatika, halafu simu ikawa ya kumrahisishia tu. Katika vitongoji vya Dar es Salaam mambo huwa kinyume: simu ndiyo mali ya mchezaji, mashine ni ya mwenye kibanda.

Sensa ya 2022 ilihesabu watu 1,346,674 Temeke na 982,328 Kinondoni. Kuanzia Mwananyamala na Tandale hadi Tegeta na Bunju, na upande wa pili Tandika, Buza, Mbagala na Chamazi, gemu ya konsoli ni jambo la mtaani kabla ya kuwa la nyumbani. Kibanda huwa na televisheni mbili tatu, benchi na mashine ambazo zote huitwa PS, hata kama moja ina umri wa kumzidi anayeishika. Watu hulipa kwa mechi au kwa muda, na mara nyingi anayefungwa anampisha anayesubiri. Gemu inayotawala ni mpira. EA iliachana na jina la FIFA mwaka 2023 na sasa inauza EA Sports FC, na Konami ilikwishageuza PES kuwa eFootball tangu 2021, lakini kwenye benchi majina ya zamani bado yanatamba. Mbagala ina sababu yake ya kuipenda zaidi ya EA: mshambuliaji Mbwana Samatta, aliyekulia huko na kufika Genk ya Ubelgiji mwaka 2016, kisha Aston Villa Januari 2020, alionekana ndani ya gemu hiyo akiwa na jezi za Ulaya.

Kibanda kama hicho hakihitaji intaneti. Wachezaji wawili, padi mbili, kelele za watazamaji, basi. Programu ya simu huanza kuwa na kazi pale kijana anapopata mashine yake mwenyewe, mara nyingi iliyotumika, iliyopitia Dubai na kuuzwa Kariakoo, kisha akataka kucheza na rafiki aliye Sinza au ndugu aliye Muscat.

Hapo ndipo anapokutana na mlango uliofungwa. Barani Afrika, nchi pekee iliyomo kwenye orodha rasmi ya PlayStation Network ni Afrika Kusini. Anayefungua akaunti Temeke hulazimika kuchagua nchi asikoishi: Falme za Kiarabu, Afrika Kusini, Uingereza au Marekani. Jambo hili lilijulikana duniani Mei 2024, Sony ilipowataka wachezaji wa Helldivers 2 kwenye kompyuta waunganishe akaunti zao na PlayStation Network. Gemu hiyo iliondolewa sokoni katika nchi na maeneo 177 yasiyo na huduma hiyo, Tanzania ikiwemo. Wachezaji walilalamika kwa wingi na ndani ya siku chache Sony ikarudi nyuma, ila orodha ya nchi ilibaki ileile.

Uchaguzi wa nchi si wa kuchezea, kwa sababu ukishafanywa haubadilishwi, na kila kitu hufuata nchi hiyo. Kadi ya vocha ya Falme za Kiarabu haifanyi kazi kwenye akaunti ya Marekani. Diski ya gemu iliyotengenezwa kwa soko la Ulaya inaweza kukataa nyongeza zilizonunuliwa kwenye duka la Marekani. Mwenye akili, basi, huangalia kwanza kadi za nchi gani zinapatikana kwa urahisi kwa wauzaji wa Kariakoo na Instagram, ndipo afungue akaunti. Kadi hizo huuzwa kama namba tu: mnunuzi analipa kwa M-Pesa au huduma nyingine ya pesa kwa simu, muuzaji anatuma namba kwa WhatsApp, namba inaingizwa kwenye PlayStation App na salio linaonekana. Mchakato mzima, kuanzia pesa hadi gemu, hupita kwenye simu moja bila mashine kuwashwa.

Na pesa zinahitajika. Tangu PlayStation 4, kucheza mtandaoni na wengine kunadai usajili wa PlayStation Plus. Kwenye PlayStation 3 ilikuwa bure. Gemu zinazotolewa bure, kama Fortnite na eFootball, hazidai usajili huo, na hii ni sababu mojawapo ya eFootball kushikilia nafasi yake kwa vijana ambao hawana mpango wa kulipa kila mwezi.

Kwa kuwa akaunti ni ya nchi nyingine, huingia dhana kwamba lazima mtu atumie VPN, programu ya kuficha mahali alipo. Kuwa na akaunti ya nchi nyingine hakuhitaji VPN. Anayeitumia kwa sababu zake akumbuke kwamba Oktoba 2023 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, iliwataka watumiaji wa VPN nchini wajisajili kabla ya mwezi huo kwisha. Isitoshe, VPN huongeza safari ya data, na kwa gemu ya mpira hilo ni kujitakia kufungwa.

Sehemu ya mazungumzo ya sauti ndiyo yenye historia ya kuchekesha, na lawama zote ni za Nintendo. Konsoli yake ya Switch ilipotoka Machi 2017 haikuwa na mfumo wake wa mazungumzo ya sauti. Miezi minne baadaye ikaja Splatoon 2, gemu ya timu za watu wanne, na suluhisho likawa simu: gemu kwenye Switch, sauti kwenye programu. Mchezaji alikuwa na milio miwili kutoka vifaa viwili na masikio yaleyale. Kampuni ya Hori ikauza hedifoni zenye kifaa cha kuchanganya, waya mmoja ukienda kwenye Switch na mwingine kwenye simu. Mwanzoni hata simu ikizima kioo, au mtu akifungua programu nyingine, mazungumzo yalikatika. Kasoro hiyo ilirekebishwa baadaye mwaka huohuo. Juni 2018 Fortnite ilifika kwenye Switch na kupata sauti ndani ya gemu yenyewe, bila simu, na kila mtu akajionea kwamba mashine ilikuwa na uwezo huo tangu mwanzo. Ilipofika Juni 2025 Switch 2 ikaja na GameChat na kitufe maalumu cha C, watu hadi 12 kwenye mazungumzo mamoja. Simu haikuachwa kabisa: anayetaka GameChat huthibitishwa kwanza kwa ujumbe mfupi unaotumwa kwenye namba yake.

Bado programu ya Nintendo ilikuwa na mazuri yake. Kwenye Animal Crossing: New Horizons, iliyotoka Machi 2020, sehemu yake iitwayo NookLink ilimwezesha mchezaji kuandika ujumbe kwa kibodi ya simu badala ya kuchagua herufi mojamoja kwa padi. Aliyewahi kuandika sentensi kwa padi hahitaji kuelezwa zaidi.

Sony ilipoiandika upya programu yake Oktoba 2020, ilileta ujumbe na mazungumzo ya sauti mahali pamoja, kiasi kwamba mtu aliye kwenye daladala anaweza kujiunga na kundi la sauti la wenzake wanaocheza nyumbani. Kwa upande wa ufundi ni kazi nzuri. Kwa upande wa Dar es Salaam, mshindani wake ni WhatsApp, na kusema kweli WhatsApp inashinda kwa mabao mengi. Kila mtu tayari anayo, haijali kama mwenzako ana PlayStation au Xbox, na ndimo mashindano ya mtaa yanamopangwa, matokeo yanamopigiwa picha na ubishi unamomalizwa au kuanzishwa. Vijana wengi hupiga simu ya WhatsApp, huweka spika wazi kando ya televisheni, na mechi inaendelea.

Lakini mechi inaendelea kwa bando la nani? Baadhi ya maeneo yana intaneti ya waya. TTCL inauza huduma iitwayo Faiba Mlangoni Kwako, na kampuni binafsi zimefika sehemu kama Mikocheni na Mbezi Beach. Kwingine, PS hupata mtandao kwa kuwashiwa hotispoti ya simu. Mechi yenyewe hula data kidogo, na sauti nayo hula kidogo. Kinachommaliza mtu ni kupakua: gemu moja mpya ya mpira huweza kufika makumi ya gigabaiti, na masahihisho yake huja kila baada ya muda bila kuuliza. Ndiyo maana uwezo wa PlayStation App wa kuamuru upakuaji kutoka mbali una thamani kubwa kuliko unavyoonekana. Mtu ananunua bando la usiku, anaiacha mashine katika hali ya kupumzika, anagusa simu, na asubuhi gemu ipo, ikiwa umeme wa LUKU haukuisha katikati.

Tatizo jingine ni anwani. Mitandao ya simu huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya intaneti. Gemu zinazounganisha mashine moja kwa moja na mashine nyingine hupata shida kupenya hapo. Mchezaji huona maonyo kuhusu aina ya NAT, yaani mfumo huo wa kushiriki anwani, anaona wenzake lakini haingii kwenye chumba chao, au anaingia bila kusikika. Sauti iliyopita kwenye programu ya simu wakati mwingine hufanya kazi hata pale ambapo gemu imegoma, kwa kuwa hupitia seva za kampuni.

Umbali nao haubembelezwi. Mwanga ndani ya kebo husafiri karibu kilomita 200 kwa milisekunde. Kutoka Dar es Salaam hadi Johannesburg, ambako gemu kadhaa zina seva, ni karibu kilomita 2,500, hivyo kwenda na kurudi ni milisekunde 25 kwa uchache. London ni karibu kilomita 7,500, yaani milisekunde 75 hata kama kebo ingenyooka kama rula, na hainyooki. Ndiyo maana mchezaji wa Kijichi aliyewekwa kwenye seva ya Ulaya huona gemu inastaki: anabonyeza pasi, beki wa mpinzani ameshafika. Tanzania ilipata kebo za baharini za SEACOM mwaka 2009 na EASSy mwaka 2010, na kabla ya hapo mchezo wa namna hii kwa setilaiti ulikuwa ndoto. Mei 12, 2024 kebo hizo mbili zilipokatika, intaneti ilizorota nchini kwa siku kadhaa. Na tangu siku ya uchaguzi mkuu, Oktoba 29, 2025, intaneti ilizimwa nchi nzima kwa siku kadhaa. Nyakati kama hizo programu ya simu huwa picha tu kwenye kioo, wakati mashine yenye diski na padi mbili inaendelea na kazi pale penye umeme.

Programu ya simu inayoendana zaidi na maisha ya vitongoji si ya watengeneza mashine bali ya EA. Programu yake ya Companion humruhusu mtu kusimamia kikosi chake cha Ultimate Team akiwa popote: kununua na kuuza wachezaji kwenye soko la uhamisho, kupanga kikosi, kukamilisha majukumu. Klabu lazima ianzishwe kwanza kwenye mashine, lakini baada ya hapo siku nyingi zinaweza kupita mtu akifanya biashara kwenye foleni ya Mbagala Rangi Tatu, kisha mwishoni mwa juma anaingia kwenye akaunti yake kwenye PS ya rafiki na kukikuta kikosi kikiwa tayari. Mashine ya kuazima, timu yake mwenyewe.

Mpango huo wa akaunti kuhama kutoka mashine hadi mashine huleta hatari ambayo wauzaji hawaitangazi. Baadhi yao huuza akaunti zenye gemu ndani yake kwa bei ya chini kuliko diski. Anayebaki na baruapepe ya asili, pamoja na programu iliyoingizwa akaunti hiyo kwenye simu yake, ndiye mwenye mali. Anaweza kubadili neno la siri na kuwatoa wengine wakati wowote. Vivyo hivyo, mashine zilizofunguliwa ili zicheze gemu za kunakili, ambazo vibandani si haba, zikiunganishwa mtandaoni zinaweza kufungiwa na Sony, na akaunti pamoja nazo. Kwa mashine iliyotumika, hatua ya kwanza kabla ya kuipa intaneti ni kuirudisha katika hali ya kiwandani, kisha kuingiza akaunti mpya na kuwasha uthibitisho wa hatua mbili. Anayeuza naye hutakiwa kuiondoa akaunti yake. Akisahau, bado anaweza kuingia kwenye akaunti yake kwa simu au kompyuta na kuiamuru itoke kwenye vifaa vyote, hata kama PS yenyewe imeshapanda basi kwenda Morogoro.