Kutoka kaseti hadi telefoni: sauti zetu zinapotelea wapi?

NYANTENDE – Radio Maendeleo ilipoanzishwa Bukavu mwaka 1993, kaseti ndiyo ilikuwa chombo cha kawaida cha kurekodi. Salamu za jamaa aliye mbali zilipitia humo pia. Kila kaseti iliponakiliwa, mvumo uliongezeka. Leo familia zilizotawanywa na vita zinasikilizana kwa ujumbe wa sauti. Mvumo umekwisha, lakini hasara imebaki kwa namna nyingine.

CD, iliyoanza kuuzwa mwaka 1982, hupima sauti mara 44,100 kwa sekunde. Dakika moja hula karibu mega 10. Huko Ujerumani, Karlheinz Brandenburg na wenzake walitafuta njia ya kutupa kile ambacho sikio halikisikii, kama sauti ndogo inayofunikwa na kubwa. Ndiyo MP3, iliyopata jina hilo la faili mwaka 1995. Kwa kilobiti 128 kwa sekunde, dakika moja ikawa mega 1 tu, na kadi ndogo ya telefoni ikabeba mamia ya nyimbo.

Lakini ukizidi kupunguza, hata kinachosikika hutupwa. Kwenye simu za kawaida, sauti hupewa kilobiti 12 hivi kwa sekunde, na sehemu zake nyembamba za juu hukatwa. Hapo f na s hukaribiana, na neno moja linaweza kusikika kama jingine. Kwa mama anayengojea habari za mtoto, tofauti hiyo si ndogo. Opus, mfumo uliotolewa mwaka 2012 na unaotumiwa na WhatsApp, umesaidia: hubeba maneno vizuri kwa biti chache.

Maji yakimwagika hayazoleki. Faili ya kilobiti 32 ukiigeuza kuwa ya 320, itakuwa nzito tu, haitakuwa safi. Kutuma tena faili ileile hakuiharibu. Kinachoiharibu ni kuifungulia kwenye telefoni moja na kuirekodi kwa nyingine, au kuigeuza aina mara kwa mara.

Kwa hiyo mwenye sauti ya mzee akisimulia kwa Mashi habari za ukoo, au akitaja majina ya waliopotezana njiani, aihifadhi ile rekodi ya kwanza kabisa, kwenye kadi mbili. Nakala nyepesi ndiyo ya kutumia watu. Nyumba iliyoachwa inaweza kujengwa tena. Sauti iliyotupwa hairudi.