Jina Muriuki halikuanzia kanisani

UKIITA “Muriuki!” sokoni Kanja, kule Embu, watageuka wengi. Jina hili limeenea kwa Waembu, Wameru na Wagikuyu, na wanafunzi wangu nikiwauliza maana yake hujibu papo hapo: “aliyefufuka”. Kisha huongeza kwamba lililetwa na wamishonari pamoja na Pasaka. Hilo la pili si kweli.

Tuanze na umbo. Kiini ni kitenzi kuriuka, yaani kufufuka. Kiambishi mu- ni ndugu wa m- katika mkulima, nayo -i ya mwisho ni ile ya mtendaji tunayoiona katika mpishi na mlinzi. Ondoa mu-, weka ka- ya udogo, utapata Kariuki. Kitenzi hiki wenyeji walikuwa nacho tangu hapo. Watafsiri wa Biblia ya Kigikuyu walikitwaa tu kuelezea ufufuo wa Yesu.

Basi nani aliyefufuka kabla ya Pasaka kufika? Zamani, mama aliyezika watoto mmoja baada ya mwingine alipojaliwa tena, mtoto aliweza kupewa jina la namna hii: aliyekwenda amerudi. Wasichana wa Kigikuyu wana Njoki, kutokana na kitenzi cha kurudi. Jina lilikuwa tumaini, na kinga pia. Wakamba nao wana Mbiti, yaani fisi, jina ambalo mauti hayalitamani.

Imani hii haina mpaka. Mwaka wa 1787 huko Serbia alizaliwa mtoto ambaye ndugu zake walikuwa wamefariki wakiwa wachanga. Akaitwa Vuk, yaani mbwamwitu, kwa kuwa iliaminika wachawi hawathubutu kumgusa mnyama huyo. Akaishi, na mwaka wa 1818 akachapisha kamusi mashuhuri ya Kiserbia. Ndiye Vuk Stefanović Karadžić.

Hata hivyo, kwetu jina halikomi kwa mwenyewe. Mwana wa kwanza huitwa jina la babu mzaa baba, wa pili la babu mzaa mama. Ndiyo maana wapo wanaosema aliyefufuka ni babu, ndani ya mjukuu. Muriuki wa leo huenda hajafiwa na ndugu yeyote. Amerithi msiba wa nyumba ya kale. Na kwa kuwa siku hizi jina la baba limegeuka la ukoo, hata msichana huitwa Muriuki shuleni.

Sasa wapo wazazi wanaoyaacha majina haya, eti ni ya kishamba au ya kishirikina. Chaguo ni lao. Lakini tukumbuke kwamba enzi hizo hapakuwa na cheti cha kuzaliwa wala cha kifo. Watoto waliokufa kabla ya kutambaa hawakuandikwa popote. Alama ya kilio cha mama zao ni neno hili moja.

Msomaji wangu, kama kwenu kuna Muriuki, muulize mkongwe wa familia jina lilianzia kwa nani. Muulize mapema.