Kitenzi Kisicho na Mtendaji: Historia Fupi ya "Methinks" katika Kiingereza

1. Utangulizi

Mwanafunzi anayeanza kusoma tamthilia za Shakespeare hukutana mapema na neno "methinks". Akilitafuta katika kamusi ndogo ataambiwa kwamba maana yake ni "nafikiri". Hapo huduwaa. Amefundishwa kwamba katika Kiingereza "me" ni umbo la mtendwa, wala si la mtendaji, na kwamba kiishio "-s" ni cha nafsi ya tatu umoja. Basi neno hili laonekana kuvunja kanuni mbili kwa mara moja: mtendaji amevikwa vazi la mtendwa, na nafsi ya kwanza imepewa kiishio kisicho chake. Wengi huishia kusema kwamba hilo ni kosa la kale ambalo washairi wamesamehewa kwa ajili ya heshima yao.

Katika makala haya tunakusudia kuonyesha kwamba kosa hilo halipo. Kilichopotoka ni maelezo ya kamusi ndogo. Katika asili yake "methinks" halikuwa na maana ya "nafikiri", bali "inaonekana kwangu". Na tofauti kati ya maana hizo mbili si jambo dogo, kwani yahusu nani anayehesabiwa kuwa chanzo cha wazo. Tutaonyesha pia kwamba msomaji wa Kiswahili ana nafasi nzuri ya kulifahamu neno hili, kwa kuwa lugha yake ingali inatunza jengo ambalo Kiingereza kimelipoteza.

2. Vitenzi viwili vya kale

Kiingereza cha Kale, yaani kile kilichosemwa kabla na karibu na wakati Wanormani walipoiteka Uingereza mwaka 1066, kilikuwa na vitenzi viwili vilivyokaribiana kwa sauti. Cha kwanza ni "thencan", chenye maana ya kufikiri, na wakati uliopita wake ulikuwa "thohte". Cha pili ni "thyncan", chenye maana ya kuonekana, na wakati uliopita wake ulikuwa "thuhte". Vilikuwa vya ukoo mmoja, lakini kila kimoja kilikuwa na kazi yake na sarufi yake.

Ushahidi wa utengano huo upo hata leo katika lugha za jamaa. Kijerumani kina "denken", kufikiri, na pia "dünken", kuonekana. Mjerumani aweza kusema "mich dünkt", ingawa wasikilizaji watahisi harufu ya vitabu vya zamani. Kiholanzi nacho kina "denken" na "dunken".

"Thencan" kilihitaji kiima: kuna mtu, naye anafikiri. "Thyncan" hakikumhitaji mtu kuwa kiima. Aliyefikiwa na wazo alitajwa kwa umbo la mtendewa, na kitenzi kikabaki katika nafsi ya tatu umoja, kwa sababu hapakuwa na nafsi nyingine ya kukitawala. Ndiyo maana ya "me": si mimi mtendaji, bali "kwangu". Ndiyo maana pia ya kiishio: "methinketh" kwa umbo la zamani zaidi, kisha "methinks", baada ya kiishio "-s" kilichotoka kaskazini mwa Uingereza kuenea na kukiondoa "-eth". Kumbe kanuni zile mbili hazikuvunjwa. Zilishikwa kwa uaminifu mkubwa.

3. Jinsi mtendewa alivyogeuka mtendaji

Katika karne zilizofuata mambo mawili yalitokea. Kwanza, sauti za vitenzi hivyo viwili zilikaribiana hata zikawa moja: "think" kwa wakati uliopo, "thought" kwa wakati uliopita. Pili, viishio vya nomino vilivyotofautisha mtendaji na mtendewa vilidhoofika na kutoweka. Chaucer, aliyefariki mwaka 1400, alitumia majengo yote mawili, lile la "kwangu inaonekana" na lile la "mimi nafikiri".

"Thyncan" hakikuwa peke yake katika safari hiyo. Kitenzi "like", ambacho leo maana yake ni kupenda, zamani kilikuwa na maana ya kupendeza. Mwanaisimu wa Denmark, Otto Jespersen (1860–1943), alieleza mabadiliko hayo kwa mfano unaojulikana sana wa mfalme na mapea. Zamani ilisemwa kwamba mapea yalimpendeza mfalme. Nomino "mfalme" ilitangulia, ikiwa na kiishio cha mtendewa, na kitenzi kilikubaliana na mapea. Kiishio cha nomino kilipopotea, na kitenzi kilipoacha kuonyesha wingi, alama iliyobaki ni mpangilio wa maneno tu. Na kwa kuwa kiima ndicho kilichozoea kutangulia, kizazi kipya kilimwona mfalme aliyetangulia kuwa ndiye kiima. Maneno yakabaki mahali pake, lakini sarufi iliyokuwa chini yake ikageuka: mapea hayampendezi tena mfalme, bali mfalme ayapenda mapea.

Mabadiliko ya namna hiyo hayakukihusu Kiingereza peke yake. Sisi tuliosomeshwa kwa Kifaransa tunajua kwamba waandishi wa kale walisema "il me souvient", yaani kumbukumbu yanijia, na kwamba leo husemwa "je me souviens". Huko nako mtu aliyefikiwa na jambo amepandishwa kiti cha mtendaji.

4. Masalio katika Shakespeare na Milton

"Methinks" lilisalimika kwa muda kwa sababu "me" na kitenzi vilikuwa vimeshikamana na kuwa neno moja. Lakini kusalimika huko kulikuwa kwa kilema. Hadi zama za Shakespeare (1564–1616) lilikuwa limebaki hasa na maumbo mawili: "methinks" kwa wakati uliopo na "methought" kwa wakati uliopita. Halina kitenzi-jina, wala wakati ujao.

Tena waliolitumia hawakuwa tena na fahamu ya viungo vyake. Katika toleo kubwa la tamthilia za Shakespeare lililochapishwa mwaka 1623 twakuta umbo "methoughts". Kihistoria "-s" hiyo haina kazi, maana wakati uliopita hauna kiishio cha nafsi. Imebandikwa kwa kufuata mfano wa "methinks" tu, kama mtu anayerudia sahihi ya babu yake bila kujua kusoma herufi zake.

Hata hivyo maana ya kale haikuwa imekufa, nayo yadhihirika hasa katika ndoto. Umbo "methoughts" latumiwa katika "Richard III" na Clarence, akiwa kifungoni, anaposimulia jinsi alivyojiona akizama baharini. Katika "A Midsummer Night's Dream", Bottom mfumaji anaamka akijaribu kueleza alichojiona kuwa, na neno lake ni "methought". Milton, ambaye alikuwa kipofu tangu mwaka 1652, aliandika soneti kuhusu mke wake marehemu aliyemjia usingizini. Ilichapishwa mwaka 1673, na neno lake la kwanza ni "methought". Anayeota hafikiri, huonyeshwa. Kipofu hakuchagua kumwona mkewe, wala hakuwa na uwezo wa kumzuia asiondoke. Kulieleza neno hilo kwa "nilifikiri" ni kumfanya Milton kuwa mtu aliyekosea katika hesabu zake, ilhali yeye anasimulia alichojaliwa na kunyang'anywa.

5. Wasomi walipolisahau

Baada ya karne ya 17 neno hili liliondoka polepole katika mazungumzo ya kawaida, likabaki katika ushairi na mzaha. Samuel Johnson alipotoa kamusi yake kuu mwaka 1755 alilitambua bado kuwa ni kitenzi kisicho na nafsi, na miongoni mwa maana zake alitaja ile ya kuonekana. Lakini kuhusu asili yake alinukuu dhana kwamba ni uharibifu ulioletwa na Wanormani, kwa kuwa eti Wafaransa huchanganya "me" na "I". Uchunguzi wa lugha za Kijerumani uliofanywa katika karne ya 19 ulionyesha wazi kwamba jengo hilo ni la Kiingereza chenyewe, tena la kale kuliko ushindi wa Wanormani. Hapa pana funzo kwa kila anayeshughulika na lugha: umbo tusilolifahamu ni rahisi kulitwika mgeni.

6. Kiswahili na jengo lililosalia

Sasa na tukitazame Kiswahili. Twasema "yanipasa kwenda", "imenibidi kungoja", "yanilazimu kusema". Katika semi hizo mtu si kiima. Yeye ni "-ni-", kiambishi cha mtendwa, na kitenzi kimepewa upatanisho usioelekea kwa mtu. Vivyo hivyo twasema "njaa inaniuma", "usingizi umenishika", "moyo waniambia". Jambo ndilo linalomfikia mtu. Huo ndio mpangilio wa "methinks".

Kwa nini Kiswahili kimeutunza mpangilio huo, na Kiingereza hakikuweza? Tuchukue sentensi "Mfalme yampasa kuwasikiliza wazee". Nomino "mfalme" imetangulia, kama ilivyotangulia katika mfano wa Jespersen, nayo haina kiishio chochote cha kuonyesha kazi yake. Lakini hakuna msikilizaji anayemdhania kuwa kiima, kwa sababu ndani ya kitenzi mna "-m-" inayomweka mahali pake. Kiingereza kiliweka alama hiyo katika nomino, na nomino ikaipoteza. Kiswahili kimeiweka ndani ya kitenzi, na humo imehifadhika.

Isidhaniwe kwamba Kiswahili hakibadiliki. Pamoja na "yanipasa" twasikia sana "napaswa", na pamoja na "yanilazimu" twasikia "nalazimika". Mtu anapanda kiti cha kiima hapa pia. Tofauti ni kwamba anapita mlangoni: kauli ya kutendwa au ya kutendeka yatangaza wazi kwamba aliyekaa hapo si mtendaji. Katika Kiingereza alihamishwa bila alama yoyote, hata wenye lugha wakasahau kwamba alihama.

7. Hitimisho

Jambo hili lina uzito wake katika kazi ya tafsiri. Shakespeare amekwisha kuingia katika Kiswahili kwa mikono ya Samuel Mushi, ambaye "Makbeth" yake ilitoka mwaka 1968, na ya Julius Nyerere, ambaye "Mabepari wa Venisi" yake ilitoka mwaka 1969. Na tafsiri nyingine zitafuata. Katika "Hamlet", malkia aulizwapo anauonaje mchezo unaoonyeshwa mbele yake, atoa neno juu ya mwanamke wa mchezo huo anayeapa kupita kiasi, kisha amalizia kwa "methinks". Watu wanaolikumbuka neno lake leo hupenda kulitanguliza, lakini katika tamthilia liko mwisho. Kwanza hukumu imemponyoka, kisha ailegeza: ndivyo inavyoonekana kwangu. Mfasiri akiandika "nafikiri" atamfanya malkia kuwa hakimu aliyepima ushahidi. Akiandika "naona", au "ndivyo nionavyo", atamwacha alivyo, mwanamke aliyeguswa na jambo kabla ya kulitafakari. Na kwa zile ndoto, Kiswahili kinalo tayari neno lake, ambalo kila msimulizi wa ndoto hulitumia bila kufundishwa: "nikajiona".

Kwa hiyo tunapendekeza kwamba anayefundisha neno hili asianze na kamusi ndogo, bali aanze na "yanipasa". Mwanafunzi atatambua mara moja kwamba fikra nyingine mtu huzitenda, na nyingine humjia, na kwamba lugha ya mama yake haijawahi kumlazimisha kuzichanganya.