Mashairi Yaliyochomwa na Yaliyobaki

Wenzangu, anayekimbia vita lazima achague abebe nini na aache nini. Mwaka 1127 jeshi la Wajurchen liliteka Kaifeng, mji mkuu wa China wakati ule. Mshairi Li Qingzhao na mume wake walikuwa wakikusanya vitabu na maandishi ya kale. Waliacha kwanza vitabu vikubwa, halafu baadhi ya michoro na vyombo vya shaba, na bado vilivyobaki vikajaa mikokoteni 15. Walivyoviacha nyumbani viliungua. Mwaka 1129 mume akafa, na vingine vikaendelea kupotea njiani. Yote hayo aliyaandika mwenyewe. Sisi huku tunamwelewa bila kuelezwa sana.

Sasa twende Korea. Heo Nanseolheon alizaliwa 1563. Yeye hakukimbia vita. Alisoma nyumbani kwao pamoja na ndugu zake wa kiume, akaolewa, akazika watoto wawili. Alikufa mwaka 1589, kijana bado, na kabla ya kufa aliomba mashairi yake yachomwe. Mengi yakachomwa kweli. Mdogo wake, Heo Gyun, akakusanya yaliyobaki pamoja na aliyoyakumbuka kichwani. Mwaka 1606 alimpa mjumbe wa China, na huko yakasomwa na kusifiwa.

Wote wawili waliishi chini ya mafundisho ya Konfusio: mwanamke amtii baba, kisha mume, kisha mtoto wa kiume. Wote walitoka familia za wasomi, yaani vitabu vilikuwepo nyumbani. Ila hali zao hazikuwa sawa. Li alijulikana akiwa hai. Mwaka 1132 alimshtaki hata mume wake wa pili, ingawa sheria ilimfunga mke anayemshtaki mumewe. Alikaa ndani siku tisa, akatoka, na ndoa ikavunjika. Heo jina lake lilikua akiwa tayari kaburini.

Lakini usifikiri China ilikuwa rahisi. Uzeeni Li alitaka kumfundisha binti mmoja wa ukoo wa Sun, wa miaka kumi na kitu. Binti alikataa, akasema uandishi si kazi ya mwanamke. Alipokufa, mshairi Lu You alimwandikia maneno ya kaburini, na jambo hilo akalitaja kama sifa njema!

Mimi hapo ndipo ninapoumia zaidi ya pale penye moto. Nafanya kazi na vijana, na wapo wasichana wanaoficha daftari ukikaribia. Moto unachoma kilichokwisha andikwa. Yule binti alifundishwa kukataa kabla hajashika kalamu.

Kwa hiyo dada, usichome. Na wewe kaka, Heo Gyun alikuwa mdogo wa mshairi tu, lakini alikumbuka. Ya dada yako unayakumbuka mangapi?