Kaskazini Pasipo Kaskazi

Somo la kwanza la jiografia katika shule ya msingi aghalabu husomeshwa uwanjani. Mwalimu huwasimamisha watoto wakalielekea jua linapochomoza, wakanyoosha mikono: mbele mashariki, nyuma magharibi, mkono wa kushoto kaskazini, wa kulia kusini. Ndivyo wafundishwavyo watoto wa Unguja, na ndivyo wafundishwavyo wenzao wa Sikonge, kilomita zipatazo 70 kusini mwa Tabora, katika nchi ya misitu ya miombo, mizinga ya nyuki na tumbaku.

Mtoto wa Unguja ana pa kuyashikiza maneno hayo. Kaskazini ni kule utokako upepo wa kaskazi, uliokuwa ukileta majahazi kutoka Arabuni. Kusini ni kule utokako upepo wa kusi, uliokuwa ukiyarudisha kwao. Maneno yote mawili yamezaliwa baharini. Kisha yakapanda bara pamoja na misafara ya Bagamoyo, yakafika Unyanyembe na kuendelea hadi Ujiji. Mtoto wa Sikonge, asiyepata kungoja upepo ili asafiri, huyapokea yakiwa yamekwisha kukatika shina.

Bara nalo lilikuwa na pande zake. Kwa Kinyamwezi kaskazini ni sukuma, na kusini ni dakama. Kwa hiyo jina la Wasukuma maana yake ni watu wa kaskazini tu, yaani kaskazini mwa hao waliowaita hivyo. Jina la Wanyamwezi lenyewe wengi hulifungamanisha na mwezi mwandamo, uonekanao upande wa machweo. Na ukitazama kutoka pwani, Unyamwezi uko huko hasa. Majina haya yana somo ambalo mkono ulionyooshwa haulifundishi: kila upande una mahali unapoanzia kuhesabiwa. Kaskazini, lakini ya wapi?

Swali hilo liliwahi kusahauliwa, na makosa yake yakachapishwa Ulaya. Katika miaka ya 1855 na 1856 ilitolewa ramani ya wamisionari Erhardt na Rebmann, waliokuwa wakiishi pwani na kuwauliza wasafiri habari za bara. Kila msafiri, kwa njia yake, alisema kuwa mwisho wa safari kuna maji makubwa. Wamisionari wakayaunga maji hayo yote, likatoka ziwa moja la ajabu, lenye umbo la konokono asiye na gamba, wakaliita Bahari ya Unyamwezi.

Burton na Speke walifika Kazeh, penye Tabora ya leo, Novemba 1857. Aliyewasahihisha ni Snay bin Amir, mfanyabiashara wa Kiarabu aliyekuwa mwenyeji wa hapo: maziwa ni matatu, akasema, na hao wamisionari wameyachanganya. Moja ni Nyasa, la pili lile la Ujiji, la tatu la Ukerewe. Mwaka 1858 Speke akaenda kaskazini, akaliona hilo la tatu, akalipa jina la malkia wake. Vitabu vingi vya shule vilivyofuata vikaandika kuwa ameligundua. Aliyemwelekeza, kama angekuwa mwalimu wa darasa la tatu, angestahili walau kutajwa katika daftari.

Nchini Tanzania somo hili limebadilishwa jina mara kwa mara. Kuna wakati liliingizwa ndani ya Maarifa ya Jamii, na mtaala wa mwaka 2023 umelileta kwa jina la Jiografia na Mazingira. Jina hili la mwisho lina faida yake Sikonge, iwapo mwalimu ataanza na maji badala ya ramani ya ukutani, ambayo mara nyingi haioneshi hapo ila nafasi kati ya Tabora na Mbeya.

Maana mvua inyeshayo upande wa mto Ugalla haiji pwani. Misafara ilikwenda mashariki, maji huenda magharibi. Ugalla huingia Malagarasi, Malagarasi huingia Ziwa Tanganyika, na ziwa hutokea kwa mto Lukuga hadi mto Kongo, na Kongo hadi bahari ya Atlantiki. Mtoto aweza kuifuata njia hiyo kwa kidole chake, kuanzia mfereji ulio nyuma ya darasa, akafika kwenye bahari asiyoijua hata nahodha wa Unguja. Na mvua hiyo huanza mwezi wa Novemba, wakati huku visiwani kaskazi inakaribia kuanza kuvuma.